Si Mama Furaha Aliyesema

Jumapili. Mvua imeshika hapa mjini Bunia tangu tutoke kanisani, na moyo wangu hautulii.

Mchana mdogo wangu Dorcas alikuja tuangalie filamu kwenye ordinateri yangu, kompyuta hii ninayoandikia, ile filamu ya mpira niliyoisifu hapa wiki jana. Toleo la zamani la filamu hiyo lilikuwa la ndugu wawili wazungu, na kocha ndiye aliyewaokoa. Katika hii mpya wameweka dada wawili weusi, nywele zimesukwa kama zetu, na mama anayesali kwa sauti jikoni. Kocha haokoi mtu. Mdogo anapokatazwa kucheza, dada yake mkubwa anasimama mbele ya baba na kumtetea.

Niliandika kwamba hatimaye tumejiona. Sikuandika nilichokiona mimi.

Dorcas alikuwa mshambuliaji. Miaka ile bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo, lakini watu wa pande mbili zilizopigana walikuwa bado hawanunui hata chumvi kwenye duka moja. Timu ya wasichana ilichanganya pande zote. Papa, baba yetu, alidhani Dorcas anaenda kwaya. Siri hiyo tuliijua sisi wawili. Kisha wakamchagua kwenda kucheza Kisangani. Mimi sikuwa nimechaguliwa kwa lolote. Nikamwambia papa mtoto wake anacheza na akina nani.

Nilijiambia namlinda.

Ulikuwa wivu.

Papa alimpeleka kijijini Boga kwa shangazi, mwaka mzima. Aliporudi hakugusa mpira tena. Aliamini aliyemchongea ni jirani yetu Mama Furaha, kwa sababu alikuwa akiuza mandazi karibu na kiwanja. Tangu hapo hamsalimii. Nami nikaacha iwe hivyo.

Leo, yule dada wa kwenye filamu aliposimama, Dorcas alilia. Alisema kama si Mama Furaha, naye angefika Kisangani. Halafu akanishika mkono, mimi yaya wake, dada yake mkubwa.

"Weye ungenitetea, yaya."

Nikafunga ordinateri.

"Haiko Mama Furaha alisema. Ni miye nilimuambia papa."

Hakunitukana. Aliuachia mkono wangu. Kisha akauliza, polepole, "Siku ya matanga ya papa, Mama Furaha alileta sombe, nikamurudishia sahani mbele ya watu. Ulikuwa pale?"

Nilikuwa pale. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango yule mama akitoka na sahani yake ya kisamvu imejaa.

Dorcas alijifunga kitenge kichwani akatoka. Nilimwona dirishani akivuka barabara, akasimama kwenye ua wa Mama Furaha na kupiga hodi. Alisubiri. Yule mama akatoka, akamtazama sana, kisha akampisha aingie.

Ni saa nzima sasa. Hakuna aliyeniita, na sistahili kuitwa.

Nimeandika haya nikitafuta sababu ya kubaki ndani. Sijaipata. Navaa viatu, nakwenda.

Lakini nikiingia mule, nitaanza kumwomba nani msamaha?