Matengenezo Yaliyokwisha Kulipiwa

Mujukuu wangu Neema, jambo. Siye huku Bunia tuko, bibi yako anakusalimia. Njia imefunguka, lakini roho haijatulia.

Unauliza kama gari lako jipya lisilotembea sana liende garaje. Liende! Pikapu yangu ya kwanza niliilipia mbele, siku ya kuinunua, matengenezo ya mara nne, moja kila miezi sita. Nikaificha uani miezi makumi mbili, nikiogopa hatari za njia ya Niania, nikihesabu kilometa tu. Nilipoipeleka garaje, fundi akacheka: "Papa, karatasi ya malipo inahesabu miezi pia. Mara tatu ulizolipia zimekufa."

Hasira yangu kwake haijaisha, ila tarehe alizisoma sawa. Mimi sikuzisoma.

Na wewe, nafasi uliyolipia inaisha mwisho wa mwezi. Unipigie ukiwa garaje, nisikie wakifungua moteri. Ndipo nitakaa chini nimetulia.

Babu yako