Saa Aliyoirudisha Nyuma

Jumanne, usiku

Bado sijamjibu Neema. Mwanangu anataka niachane na hii saa janja nichukue mpya. Leo nimeenda mjini kuiangalia.

"Mama, hii inafuata saa ya simu," mwenye duka akaniambia. "Huwezi kuirudisha nyuma."

Hii ya zamani marehemu mume wangu aliirudisha nyuma masaa sita, ili saa moja asubuhi isomeke moja, kama watu tunavyosema. Ikachanganyikiwa. Asubuhi nikiwa shambani Pito nalima, inajua nimelala. Usiku nikijilaza inadhani ni mchana, inatetemeka mkononi niinuke nitembee. Alikuwa anacheka: "Tembea basi, Mama Neema, umeshaambiwa."

Nilidhani nitalia pale dukani. Wapi. Nikaaga, nikanunua chumvi, nikarudi. Tangu tumzike nipo hivihivi tu. Naogopa kidogo.

Betri haimalizi siku. Kioo kimepasuka. Hiyo mpya ni nzuri, sina la kuisema, ila...

Sasa hivi imetetemeka. Inataka nitembee.

Nimeinuka, nikazunguka kitanda, nikakaa upande aliokuwa akilala.