Uyoga wa Kichuguu na Uyoga wa Nyasi

Jumatatu, 5 Mei 1947

Dama, yule mama mwuza uyoga, ameshuka kutoka Rabai na kikapu chake. Yeye karowa kwa mvua, uyoga mkavu – kaufunika kwa majani ya mgomba. Mtaa mzima umenunua. Mimi nimechukua vichwa sita vya uyoga wa kichuguu, wa kula, na vitano vya uyoga wa nyasi, niliomwagiza makusudi ili nilinganishe. Kacheka. "Mwalimu, wenzio waniagiza kitoweo, wewe waniagiza maradhi."

Niandike tena tofauti yake. Kwa juu ni ndugu: kofia nyeupe, kitovu cha hudhurungi. Wa nyasi una pete shingoni, lakini mvua huiangusha. Wa kichuguu una mzizi mrefu kama mkia, unaoshuka hadi kwa mchwa. Ukikatwa mkia, jicho halina tena la kushika. Hapo hubaki karatasi: laza kofia juu yake, funika kwa bakuli hadi asubuhi. Wa kichuguu huacha vumbi la waridi. Wa nyasi huacha la kijani – na huo ni sumu.

Wa nyasi nimeupanga kwenye sinia, dirishani.

Maleka, mke wa Abdeali mwenye duka hapa jirani, ametuletea, mimi na dadangu, sambusa kwenye sahani yake ya ukingo wa buluu. Nimekula nne.

Jumatano, 7 Mei

Maleka anatapika tangu jana alasiri. Abdeali amekuja kichwa wazi, bila kofia yake; sijapata kumwona hivyo. Asema mkewe kala uyoga, bila shaka wa Dama, na ni mimi niliyeusifu. Kweli.

Nimehesabu sinia langu. Vitatu. Niliandika vitano!

Juzi nilimwacha Dama peke yake chumbani nilipokwenda kutawadha. Kikapu chake kilikuwa karibu kitupu, na wateja bado wanaita. Nimemwambia Abdeali huenda aliviiba akaviuza.

Alhamisi, 8 Mei

Abdeali ameleta uyoga uliobaki jikoni kwake: vichwa viwili vibichi, mashina yamekatwa sawasawa. Kwa kisu. Dama hung'oa kwa mkono, na mkia hauondoi. Kwa nini akate safari hii? Akataye mkia ana la kuficha.

Nimezifunika kofia zote mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Moja waridi. Moja kijani.

Abdeali ametazama karatasi, amesema yatosha. Dama akishuka Jumatatu, atamletea askari. Maleka amekunywa uji, na umetulia tumboni. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 12 Mei

Dama amefika, hana habari. Amejitua kikapu ukumbini, akamwuliza dadangu Mwanabaraka hali ya magoti yake. Nimemtazama sana. Uyoga wote una mikia.

Nikamwuliza mbona wiki iliyopita alikata. Kaniangalia kama niliyemwuliza mbona alinyoa ndevu. "Nikate mkia, baba, nani atanunua? Mkia ndio ushahidi wangu."

Mwanabaraka alikuwa akimimina kahawa. Akasema, kwa upole tu, kwamba yeye ndiye aliyekata. Udongo wa mchwa haupelekwi nyumbani kwa watu.

"Kwa watu gani?" nikauliza.

"Kwa Maleka. Sahani ya watu hairudi tupu, Kaka, hasa iliyokuja na sambusa. Vya kupika vilibaki viwili. Nikaongeza viwili vyako vya dirishani, visije vikaoza bure. Nilivisafisha vyote, vikawa sawa."

Nimeketi. Miaka mitatu nawasomesha wapita njia habari za mkia na karatasi. Dadangu wa tumbo moja sikumwambia hata neno moja. Nami nikamwangalia Dama kwa jicho la mwizi.

Saa tisa unusu. Hodi mlangoni. Nasikia viatu vya askari barazani, na sauti ya Abdeali: "Mwalimu, yule mwizi amefika?"

Mwizi. Neno hilo nilimpa mimi.

Mwanabaraka bado ameshika buli la kahawa, hajalitua. Sasa amefahamu ni nini alichokipeleka.

Dama naye ameisikia sauti. Haangalii mlango. Ananiangalia mimi, angoja niweke kalamu chini.