Mkwe Nyuma ya Ukuta

Lumino,
Jumapili, baada ya misa.

Mwanangu mpendwa Shallon, Mama Carol,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Habari ya Nairobi, habari ya cherehani, na kile kikohozi kimeisha? Usinidanganye. Sisi huku tuko wazima. Mtoto wako Carol ameng'oka jino la mbele, anacheka mdomo wazi bila haya. Mihogo imekubali. Nimeandika kwa sababu neno hili haliwezi kupita kwa simu. Nikiongea kwa simu, jirani yangu Truphena anasikia hata nikinong'ona, na Lumino yote itajua. Benard, kijana wa hapa anayesafiri kuja huko, atakuletea barua mkononi. Soma ukiwa umekaa.

Uliniacha goti la kushoto limekunjika, halitaki kunyooka. Akwi, yule daktari wa mazoezi, alinieleza polepole kwamba ugonjwa huu wa viungo hauishi, lakini mtu anaweza kukaa nao vizuri nyumbani: kitambaa cha maji moto, fimbo, nisishinde kwenye kigoda kutwa, na mazoezi kila siku. Akasema pia goti likiachwa hivyo litakaza moja kwa moja, nami nitakuwa mtu wa kubebwa. Mama yako huyu, wa kubebwa! Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Alinipa karatasi ya picha na Kiingereza. Alitaka mtu wa nyumbani ashike kisigino, abonyeze juu ya goti taratibu. Truphena alijaribu. Mwanangu, alivuta kama anang'oa muhogo! Nikalia, yeye akacheka akasema mguu wangu una kiburi kama mwenyewe. Nikamwambia asirudi.

Unajua Baba Carol kila asubuhi anapita na samaki kutoka ziwani kwenda Busia, anaacha wawili uani, anamsalimu mtoto, anaondoka bila kuniona wala mimi kumwona, maana mkwe na mama mkwe hawaonani. Siku ile alimuuliza Carol kwa nini nyanya analia. Kesho yake alikaa nje, mgongo kwa ukuta wa chumba changu, akaomba karatasi ipitishwe dirishani. Akaanza kunisomea kwa Kiswahili: mama aweke taulo chini ya goti, mama abonyeze, sasa tuhesabu. Mpaka tano, mara kumi. Mimi ndani, yeye nje, hata mvua ikinyesha, samaki wakimngoja! Truphena alimtania kwamba amekuwa mhubiri, je, ukuta umeokoka? Akajibu kwamba ukuta bado, lakini goti liko karibu. Nilicheka huko ndani nikiziba mdomo.

Wiki tatu zilizopita nikiinuka kitandani goti liliniacha, nikaanguka chini. Shallon, nilipiga kelele nikamwita Emong. Jina lake lenyewe, nililokuwa sijawahi kulitia mdomoni tangu akuoe. Aliingia akitazama mabati juu. Alinifunika miguu kwa koti lake, akaniinua, akaomba ruhusa. Halafu akazungusha leso yangu kwenye mikono yake ili ngozi isiguse ngozi, akashika kisigino, akabonyeza. Taratibu, kama mtu anayeshika yai. Goti likasogea. Mungu wangu, lilisogea! Nilikuwa sijui mguu wangu bado una njia huko.

Mpaka hapo ni ajali, na wazee wanasamehe ajali. Sasa nakuambia lile lililonifanya nishike kalamu. Kesho yake sikuanguka. Nilikuwa mzima, nimekaa kitandani, nimenawa miguu. Na nilimwita tena aingie. Alisita mlangoni, kisha akaingia. Alipotafuta leso nilimwambia aiache, inateleza. Tumefundishwa kwamba mama mkwe akiguswa na mkwe wake, mwili wake utatetemeka. Nilifumba macho nikangoja kutetemeka. Nilisikia joto la mikono tu, na nyuma ya goti langu ikagusa kitanda, mara ya kwanza tangu Pasaka ya mwaka jana. Yeye ndiye aliyelia. Tangu siku hiyo anaingia kwa mlango kila asubuhi, na leo nimetembea mpaka kanisani na fimbo. Watu walisimama kunitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa naitazama miguu yangu kama ya mtu mwingine.

Usimuulize yeye, mwanangu. Niulize mimi, maana ni mimi niliyeita. Kama moyo wako unakataa, niandikie, atarudi nje ya ukuta na sitanung'unika. Ba'mdogo wako Ofumbi ameshasikia, anasema lazima nijieleze mbele ya wazee wa ukoo. Nimemjibu wasinitumie pikipiki. Nitakwenda kwa miguu.

Vaa sweta, kula vizuri, salimia wenzako wote wa cherehani. Carol anakutumia busu, na jino lake nimelifunga humu kwa karatasi. Mungu akukalie karibu.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Kevina