Mwanamke wa Ndoto ya Mhandisi

Jumatatu, 7 Machi 2022
Mhandisi Rincón karudi kutoka Bogotá na ramani mpya. Mitambo ya upepo kumi na miwili, mmoja karibu kabisa na makaburi yetu. Mimi ndiye mkalimani wao: Kihispania chao, Kiwayuu chetu. Kampuni imeahidi pampu na mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya kisima. Lori la maji halijaja wiki mbili. Mtoto wa dada bado anaharisha. Nataka mitambo hii ije. Ni kwenye daftari hili tu ninapoweza kusema hivyo.

Jumanne, 8 Machi
Mama mkubwa Otilia kaniuliza, kama kila asubuhi, nimeota nini. Sikuota. Hata yeye hajaota, siku ya tisa sasa. Hakuna aliyeota hapa kwetu! Anasema wafu wamenyamaza, na bila ndoto mjomba Anselmo, msemaji wa ukoo wetu, hataijibu kampuni. Rincón akauliza mbona tunachelewa. Nikamweleza hivyo hivyo. Akatabasamu, akaandika: bado wanashauriana.

Alhamisi, 10 Machi
Upepo umekufa tangu jana. Hapa, mwezi wa tatu, msimu wa upepo mkali! Mbuzi wamegoma kupita makaburini. Nimesimama chini ya nguzo ya kupimia upepo. Hata ukingo wa gauni langu haukutikisika. Lakini vikombe vyake vya kupimia, kule juu, vilikuwa vinazunguka.

Ijumaa, 11 Machi
Rincón kakataa kahawa. Macho mekundu. Kanivuta pembeni — ameota. Mwanamke mwenye gauni jekundu, amekaa kwenye kiti chake kambini, anasema Kiwayuu, naye akaelewa kila neno. Mwanamke aliuliza atapita wapi kwenda Jepira, maana wamemzibia njia. Rincón akataka kujua Jepira ni nini. Nikamwambia ni kule baharini wanakokwenda wafu wetu.
Kisha akainua mkono wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho.
"Hiki hakuwa nacho."
Kamba ya kisima ilikikata kidole hicho cha marehemu mama kabla sijazaliwa. Hakuacha hata picha moja. Mwaka jana, kwenye mazishi ya pili, tunapofukua wafu wetu na kuwazika upya, ni mimi niliyeiosha mifupa yake. Najua mkono ule.
Rincón kaniomba nisimwambie mtu. Wenzake watamwona kichaa.
Sitasema. Kwa ajili yake, nimejiambia. Uongo — ni kwa ajili ya pampu.

Jumamosi, 12 Machi
Mkutano. Mjomba Anselmo kasema kama hakuna aliyeota, basi wafu hawana neno, na watoto wanahitaji maji. Alikuwa anakaribia kukubali! Ndipo Rincón akasimama bila ramani. Yule mwanamke amekuja tena jana usiku, akasema. Akaisimulia ndoto yote kwa Kihispania, taratibu, akinitazama mimi. Hakuna mwingine pale anayekijua vya kutosha.
Mama mkubwa kaniuliza:
"Mwanangu, mgeni kasema nini?"
Nikajifanya napitia daftari. Nikasema mgeni anashukuru kwa kahawa, na pampu itafika mwezi wa tano.
Rincón akatikisa kichwa.
"Sivyo," akasema.
Kwa Kiwayuu.
Hakuna aliyemfundisha. Mjomba kaweka kikombe chini. Wote wamemgeukia, naye anaendelea kusema, neno baada ya neno, bila kukosea, kwa matamshi ya watu wa kwetu. Naandika ili nisiinue macho. Ile sauti si ya mgeni tena; naijua, na —