Ng'ombe Niliowaandika kwa Jina la Masalu

Kharumwa,
Nyang'hwale.
14 Juni 2025

Mwanangu mpendwa Limi,

Mwangaluka, mwanangu. Habari za Masasi, na kazi ya duka la dawa? Kile kifua kimepona? Sisi tupo. Mvua ziliwahi kukatika lakini mpunga umepatikana. Mama yako mkubwa Serafina anasumbuliwa na magoti, ila ulimi ni mzima. Bado ananigombeza nisipokula.

Mimi ndiye niliyechoka. Daktari wa Geita ameniambia ukweli kuhusu moyo wangu, nami nilimshukuru. Ndiyo sababu nakuandikia jambo nililolificha miaka minne.

Ulipojiandaa kwenda kusoma ufamasia katika chuo cha binafsi kule Mwanza, uliniletea fomu ya mkopo kwa kuwa baba yako hajui kusoma. Maelezo ya mali ya familia niliyaandika mimi, mwenyekiti wa kijiji ameketi pembeni na muhuri wake. Niliandika kwamba baba yako, mdogo wangu Masalu, ana ng'ombe sitini na wawili. Baba yako akaweka dole gumba.

Limi, katika zizi lile ng'ombe wake walikuwa wanne. Waliobaki walikuwa wa kubilisa, mali ya watu wa Kagongwa waliompa awatunze, naye apate maziwa na ndama mmoja mmoja. Nilijua. Lakini kwetu haisemwi mbele za watu kwamba zizi limejaa ng'ombe wa wengine, na mimi, mwalimu mkuu mstaafu, niliona aibu kuliandika hilo juu ya ndugu yangu.

Ukanyimwa mkopo kwa kuonekana mtoto wa tajiri. Ada ya chuo cha binafsi haingoji mtu. Wale wanne waliuzwa, wakaisha kabla ya muhula wa pili. Wenzako waliopata mkopo wakabaki darasani, wewe ukarudi na sanduku lako. Ulipoiona nakala ya fomu ulimwambia baba yako mbele yangu, "Ulitaka sifa, Baba. Haya, kanywe maziwa ya sifa!" Akainamisha kichwa. Alidhani labda kweli alijisifu bila kujua. Nami nilikuwa hapohapo, nikaendelea kunywa chai.

Jumapili nilimwita baba yako nikamweleza. Kwanza alicheka. "Mwalimu, ng'ombe wa watu umenipa mimi? Si ungeniongezea na mgodi kabisa!" Kisha akauliza, "Limi anajua?" Hakuuliza lingine.

Humu bahashani kuna barua ya kusahihisha maelezo yale, yenye majina ya wenye ng'ombe na muhuri wa kijiji. Sijui kama itakusaidia ukiomba tena mkopo, ipeleke tu. Hata wakikukatalia, ujue kosa lilitoka mkononi mwangu, si kinywani mwa baba yako.

Usingoje maziko yangu ndipo uje nyumbani. Mpigie baba yako. Namba yake ni ileile. Jina lako kwenye simu hawezi kulisoma, lakini sauti ataijua.

Shangazi yako Paskalina anakusalimu sana. Enock wa Buseresere amepata binti, wamemwita Noela. Mungu akufungulie pale nilipokufungia.

Ni mimi baba yako mkubwa, niliyekukosea nikikupenda,
Mwl. Donatus Maganga