Shukrani kwa Mwenye Nyumba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko haijaurudia ule mgongo wako. Sisi huku tunapumua. Wanangu wanakua; mkubwa sasa ananipita kwa urefu na kwa maneno. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba ni wewe ninayekuandikia. Usishangae bado. Soma polepole, nitakufikisha.

Nimeandika kwa sababu simu zangu siku hizi zinakukuta kazini, na zisipokukuta kazini zinakukuta umelala. Isitoshe, ni Mama aliyeniagiza. Alisema jambo kama hili halisemwi kwa simu. Linawekwa kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Mwandiko wangu unaujua, tangu shule ulikuwa ukiucheka kwamba ni nyayo za kuku. Vumilia.

Unakumbuka walipotuvunjia. Nasema walipotuvunjia kana kwamba nyumba ilikuwa yetu, na wala haikuwa. Ilikuwa chumba kimoja cha kupanga na kipande cha baraza ambapo Mama aliweka cherehani yake. Lakini pale ndipo alipotulea, na pale ndipo wewe ulipojifunza kusoma, kwenye yale magazeti aliyokuwa akikatia mitindo ya magauni. Mzee mwenye nyumba alipofariki, wanawe hawakumaliza hata kugawana viti. Waliuza safu nzima, vyumba vyote na wapangaji wake. Nilikupigia simu. Ulilia, na ulilia kweli, nilikusikia ukipenga kamasi. Ukasema ungekuwa na hata banda la kuku hapa mjini, ungempa Mama alale. Nilimfikishia maneno hayo neno kwa neno. Alifarijika sana. Akawa anawaambia majirani, nao wakifungasha mizigo yao, kwamba binti yake mkubwa hana kitu lakini ana moyo.

Basi Mama akaja kwangu. Kwangu unakujua: chumba kimoja, pazia katikati, huku watoto, huku sisi. Tungeweza kuishi hivyo, tumezoea kubanana. Lakini haukupita muda mwenye nyumba wangu akaja na uso wa msiba, akasema kodi itabidi iongezwe kwa kuwa mtaa umepanda. Akanionyesha kwa kidole yale maghorofa mapya yanayochomoza pale petu, kana kwamba yamejengwa kwa ajili yangu. Mtaa ukapanda, sisi tukashuka. Tulihamia chumba cha uani nyuma ya mahali wanapooshea magari, na maji yao yote yanapita chini ya ukuta wetu. Ukiegemea ukuta, unaondoka na unyevu mgongoni. Huko ndiko kifua cha Mama kilikoharibikia. Akianza kukohoa alikuwa anatoka nje, eti asiwaamshe wajukuu.

Sasa kuhusu kazi yangu. Ulidhani bado nafanya usafi maofisini, nami sikukusahihisha. Nimeajiriwa kwenye moja ya maghorofa hayo, lile lililosimama palepale tulipovunjiwa. Mimi ni mtunza fleti. Jina zuri, sivyo? Fleti nyingi mle zimenunuliwa na watu wasiozihitaji. Wamezinunua kama mtu anavyonunua dhahabu, aiweke tu kabatini mpaka ipande bei. Sasa nyumba isiyokaliwa ina maudhi yake. Maji yanayobaki ndani ya bomba la choo yakikauka, harufu ya mtaro hupanda na kuingia hadi kwenye mazulia. Kwa hiyo kila asubuhi nazunguka mlango kwa mlango, navuta vyoo, nafungulia mabomba, nafungua madirisha ili ukungu usishike kuta. Dada, navuta vyoo ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvikalia. Halafu nateremka, nakwenda kwangu, ambako familia sita tunapanga foleni kwenye choo kimoja.

Jioni kabla ya kuondoka nawasha taa. Msimamizi wa jengo hunipangia, leo madirisha haya, kesho yale, ili wapitao barabarani waone jengo limejaa watu. Anasema mnunuzi haogopi bei, anaogopa giza. Kuna wakati alitaka pia nguo zianikwe kwenye roshani, paonekane pana familia. Nikaleta nguo za wanangu. Akaziangalia, akaniambia kwa upole kwamba zinashusha hadhi ya jengo. Akanunua nguo mpya za mtoto mchanga na soksi ndogo za manjano, na mpaka leo kila wakija wateja nazilowesha upya na kuzianika. Soksi zile zimefuliwa kuliko nguo yoyote mjini, na hazijawahi kuuona mguu. Zamani tuliambiwa aliye juu mngoje chini. Aliyesema hivyo hakujua habari za lifti.

Mvua zilipoanza, Mama alizidiwa. Mganga wa zahanati akaniambia dawa atampa, lakini dawa haishindani na ukuta, nimhamishie mahali pakavu. Mahali pakavu! Mimi nilikuwa na funguo za mahali pakavu pengi kiunoni, zinalia kila ninapopiga hatua.

Kwa hiyo, Dada, nilimwingiza Mama kwenye fleti ya ghorofa ya tisa. Kwa nini hiyo na si nyingine, nitakwambia. Nilimtaka shauri mlinzi wa getini, ambaye wafanyakazi wote tunamwita Mjomba. Alinisikiliza, akajikuna ndevu, akasema yeye ameajiriwa kuzuia wezi, na hajapata kusikia mwizi anayeingia na mto wake mwenyewe. Akatufungulia geti. Mama nilimwambia uongo. Nilimwambia mwenye fleti yuko mbali, ana roho nzuri, amekubali mtu mmoja mwaminifu akae humo apatunze, ila kampuni isijue.

Ungemwona. Alivua viatu kwenye lifti. Alipoingia alisimama katikati ya sebule akiwa amebeba mkeka wake, anaogopa kuuweka chini. Makochi hadi leo yamo ndani ya nailoni yake, hataki itolewe. Akikaa yanalia, naye anayaomba radhi. Kitandani hajapanda. Ametandika mkeka pembeni, anasema kitanda ni cha mwenyewe, siku akija asikute alama ya mtu. Mapazia yalikuwa marefu yanabururika sakafuni, akayapinda kwa mkono, kwa ule ushono wake ambao huuoni mpaka uugeuze. Cherehani hatukuileta kwa sababu ya kelele. Dalali akija na wateja, Mjomba hunipigia simu, na Mama anabeba mkeka na mto na kwenda kukaa kwenye ngazi za dharura mpaka waondoke. Anakaa pale kimya kama mwanafunzi aliyechelewa.

Lakini kikohozi kimekwisha. Kimekwisha kabisa, Dada. Na alipajua mahali hata kabla sijamwambia. Alisikia kengele ya shule yetu ya zamani, akatazama upande jua linakoangukia alasiri, akacheka, akasema amerudi kwake, ila amepandishwa cheo. Kati ya taa zote ninazowasha, ya kwake tu ndiyo isiyodanganya mtu.

Baada ya siku kadhaa alianza kuniuliza habari za mwenye nyumba. Ni mwanamume au mwanamke? Nikasema mwanamke. Ana watoto? Nikasema anao. Kisha akaacha sindano, akaniuliza, "Ana mama?"

Nikasema anaye.

"Basi ndiyo maana," akasema, akaendelea kushona. Hapo ndipo aliponiagiza niandike barua ya shukrani.

Sasa nikwambie kwa nini fleti hiyo. Kabla Mama hajahamia, asubuhi moja nilikuwa bafuni humo nimefungulia mabomba, dalali akaingia sebuleni na simu mkononi, anamwonyesha mwenye fleti vyumba vyake kwa picha, sauti wazi kabisa. Nikasikia kicheko. Kicheko kinachoanzia puani halafu kinakimbia. Kicheko hicho nimelala nacho kitanda kimoja utoto wangu wote.

Dalali alikuwa anashauri fleti ipangishwe wakati bei inasubiriwa. Ukakataa. Ulisema nyumba ikishakaliwa ni mtumba. Akauliza kama basi kuna ndugu yeyote hapa mjini wa kuachiwa funguo za akiba. Maji yalikuwa yanapiga kelele. Niliyafunga ili nisikie.

"Sina mtu huko," ulisema.

Nilikaa juu ya choo chako, Dada. Ni mimi wa kwanza kukikalia. Nilikaa mpaka dalali akaondoka, kisha nikakivuta kama kawaida, nikafuta bomba, nikafunga mlango. Mchana nikapanda tena kuhakikisha kwamba nimefunga, nikajikuta nalia mbele ya mlango, nao hauna hata jina.

Sikukasirika kwa sababu ya fleti. Pesa ni jasho lako, nami najua umelitoa wapi; najua umeosha wazee wa watu huko mpaka mikono ikapasuka. Ungeniambia unayo, nisingekuomba hata kona ya jikoni. Nina hasira na lile banda la kuku. Nina hasira kwa sababu ulipolia kwenye simu ile jengo lilikuwa tayari limechorwa, na nadhani ulikuwa umekwisha kulipa malipo ya kwanza, kwani dalali anakusifu kwamba ulikuwa miongoni mwa walionunua mapema kabisa, tangu pale palipokuwa na vibanda tu. Vibanda, Dada. Ndivyo anavyotuita. Nawe ulinunua paa juu ya kichwa cha Mama kabla paa lake la zamani halijaezuliwa.

Labda hukujua kuwa ni palepale. Nimelirudia hilo mara nyingi nikivuta vyoo: labda ulionyeshwa mchoro tu, wenye miti na watu weupe wanatembeza mbwa. Nataka kuliamini. Ningeliamini kwa urahisi zaidi kama usingesema huna mtu.

Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Usidhani nakustiri wewe. Namstiri yeye.

Dalali amepata mnunuzi. Atakuja mwisho wa mwezi huu, na sharti lake ni moja, aikute haijakaliwa. Ukinyamaza, siku hiyo nitamtoa Mama kwa mikono yangu, nitapangusa alama zake zote, nitalowesha soksi za manjano na kuzianika, na jioni atarudi kwenye ukuta ule wenye maji. Mapazia sitayafumua, yatauzwa na ushono wake, na bei itapanda kidogo. Au utamwambia dalali kwamba haiuzwi, kwamba ina mtu. Sikushauri, mimi ni mdogo. Barua hii nimemwomba dalali aitie ndani ya bahasha ya makaratasi yako ya kuuza, anadhani ni taarifa ya mtunza fleti. Kwa hiyo ukiisoma, kalamu ya kutia sahihi iko mkononi mwako.

Nisalimie shemeji. Watoto waambie ndugu zao wa huku, wanangu, wanawasalimu na wanauliza kama huko kuna nyumba zenye watu. Na sasa zipokee salamu za Mama, neno kwa neno, kama nilivyomfikishia zako:

"Mwenye nyumba, hunijui nami sikujui. Umenipa pa kulala bila kuniona uso. Kitanda chako sijakigusa, na mapazia nimeyapinda, ukiona si marefu vya kutosha unisamehe, macho yangu yamechoka. Kifua kimepona. Mungu asikunyime pa kuweka ubavu, wewe na wanao. Na kama mama yako yu hai, mpe salamu zangu. Mwambie amezaa."

Ni mimi,
mdogo wako, mwasha taa.